Programu haiijui Garsen: kuhusu kutabiri mapato ya filamu za mashujaa

Haya, leo mambo ya seva na hifadhidata nayaweka kando, nazungumzia filamu. Tena si filamu yoyote tu. Nazungumzia zile za mashujaa wenye nguvu za ajabu, zinazotengenezwa kwa dola milioni 200 na kitu, ambazo kila zinapokaribia kutoka watu wenye kompyuta huanza kushindana kusema zitaingiza kiasi gani. Mashindano hayo yamefika hadi huku kwetu Garsen, na yamefika kwa njia ambayo hainipendezi hata kidogo.

Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye sayansi ya kompyuta ametengeneza programu ya kutabiri. Unaipa jina la filamu, bajeti, waigizaji, mwezi wa kutoka na idadi ya watu walioitazama trela, nayo inakutolea tarakimu. Sasa anataka tuiuze kwa wenye kumbi za video kuanzia Kilifi hadi Lamu, shilingi 500 kwa mwezi, waipate kwenye simu, ili wajue filamu gani itawajazia watu. Mimi ndiye ningekuwa wakala wake Tana River. Nimekataa. Amenuna, anasema naogopa biashara. Basi ngoja nieleze sababu zangu hapa kwa urefu, maana kwenye simu hakunipa nafasi ya kumaliza sentensi.

Kwanza tumpe haki yake. Kutabiri mapato ya filamu si uganga, na watu wenye akili wamelifanyia kazi jambo hili miaka mingi. Tangu 1996 kuna Hollywood Stock Exchange, soko la mchezo la mtandaoni ambako watu hununua na kuuza "hisa" za filamu kwa pesa za bandia, na bei zake hukaribia sana mapato halisi. Mwaka 2006 Ramesh Sharda na Dursun Delen walichapisha utafiti ambao waliifundisha mitandao ya neva kwa filamu 834, wakazigawa katika makundi tisa kuanzia zilizoanguka hadi zilizotajirisha. Mashine ililipata kundi lenyewe hasa mara moja na ushei katika kila mara tatu. Ukiiruhusu kukosea kwa kundi moja la jirani, ilipata kama robo tatu. Mwaka 2010 Sitaram Asur na Bernardo Huberman wa maabara za HP walikusanya jumbe za Twitter karibu milioni 2.9 kuhusu filamu 24, wakaonyesha kwamba kasi ya watu kuitaja filamu kabla haijatoka inatabiri wikendi ya kwanza vizuri kuliko hata lile soko la mchezo. Mwaka 2013 Márton Mestyán, Taha Yasseri na János Kertész wakafanya jambo la aina hiyo kwa kuangalia jinsi watu wanavyosoma na kuhariri kurasa za filamu 312 kwenye Wikipedia. Ni kazi safi, na mtu yeyote aliyesoma takwimu atafurahia kuzisoma.

Lakini angalia zinatabiri nini. Zinatabiri sinema za Marekani, na hizo mbili za mwisho zinatabiri wikendi ya kwanza tu, siku tatu za maisha ya filamu. Na kilichowawezesha watafiti hawa ni jambo moja la kawaida kabisa ambalo sisi watu wa msimbo hulisahau: kule tiketi zinahesabiwa. Kampuni ya Comscore, iliyoungana na Rentrak mwaka 2016, hupokea mauzo ya tiketi kutoka kwenye sinema zenyewe, na Jumapili kabla jua halijazama makampuni ya filamu yanajua yamepata nini. Kuna safu ya majibu sahihi ya miaka na miaka. Modeli yoyote inajifunza kwa kulinganisha ilichokisia na kilichotokea. Ondoa kilichotokea, modeli haina mwalimu.

Hata kwenye data tele kama hiyo, filamu za mashujaa zimewaaibisha watabiri mara nyingi tu. Chukua bajeti, kitu ambacho programu ya mwenzangu inakipa uzito kuliko vyote. Black Panther (2018) iligharimu kama dola milioni 200 ikaingiza zaidi ya bilioni 1.3 duniani. The Marvels (2023), kutoka kwa kampuni ile ile na kwa gharama iliyopita milioni 200, ilikusanya kama milioni 206 tu. Na kwa kuwa sinema hubaki na karibu nusu ya pesa za tiketi, na matangazo nayo yana gharama yake, watu wa Hollywood husema filamu inatakiwa iingize kama mara mbili na nusu ya bajeti yake ndipo ianze kupumua. Sasa piga hesabu ya The Marvels mwenyewe. Joker ya 2019 ilitengenezwa kwa dola milioni 70 au pungufu, ikapita bilioni moja. Ya pili, ya 2024, ikapewa karibu mara tatu ya fedha hizo, ikaambulia milioni 200 na kidogo. Ukizichora nne hizi kwenye karatasi, bajeti upande mmoja na mapato upande mwingine, utapata vidoto ambavyo hata mtoto wa darasa la nne hawezi kuvipitishia mstari.

Black Panther ndiyo inayonifundisha zaidi. Mwishoni mwa Januari 2018, wiki tatu kabla haijatoka, makadirio ya kwanza yaliipa kati ya dola milioni 100 na 120 kwa wikendi ndefu ya siku nne. Ilileta milioni 242. Wataalamu walikosea kwa zaidi ya nusu, tena kwa filamu iliyozungumzwa kuliko zote mwaka ule! Kwa nini? Watazamaji Weusi wa Marekani walikuwa zaidi ya theluthi moja ya waliokwenda wikendi ile, idadi isiyo ya kawaida kwa filamu za aina hii. Hesabu za zamani zilikuwa zimejaa watazamaji wa kawaida wa mashujaa, na wale waliokuja safari hii hawakuwa wamejaa humo. Huku kwetu ilizinduliwa Kisumu, tarehe 13 Februari 2018, mji ambao gavana wa kaunti yake, Anyang' Nyong'o, ni babake Lupita. Hakuna jedwali la miaka iliyotangulia ambalo lingekuambia uipeleke filamu ya Marvel Kisumu.

Kama hesabu za Marekani ziliweza kutowaona watu waishio Marekani kwenyewe, zitaionaje Garsen?

Kwa msomaji asiyepajua: Garsen ni mji mdogo kwenye delta ya Mto Tana, karibu na pale barabara ya kutoka Malindi inapogawanyika, moja ikipanda kuelekea Hola na Garissa, nyingine ikienda Lamu. Kaunti nzima ya Tana River ilihesabiwa watu 315,943 katika sensa ya 2019. Wapokomo wanalima kandokando ya mto, Waorma na Wardei wanafuga, na wengi wetu tunafanya biashara ndogo ndogo katikati. Jumba la sinema hatuna. Ukitaka kuiona filamu siku inayotoka, unapanda basi hadi Mombasa, kilomita zaidi ya 200, na nauli pamoja na kulala ni ghali kuliko tiketi yenyewe mara kadhaa.

Tulicho nacho ni ukumbi wa video. Mabati, mabenchi, skrini, spika mbili kubwa, jenereta ya akiba, na ubao nje ulioandikwa kwa chaki. Kiingilio shilingi 20 kwa filamu. Mpira ni zaidi. Ninamfahamu vizuri mwenye ukumbi mmoja, mtu mzima ambaye namwita mjomba ingawa hatuna undugu wa damu, na ndiye aliyeniweka kwenye mgogoro huu wote, kwa sababu alisikia habari za programu kutoka kwa mwenzangu akaipenda. Alikuwa anafikiria kuchukua mkopo wa shilingi 90,000 kununua projekta mpya na spika, ajitayarishe kwa filamu kubwa ijayo ya Avengers. Alitaka programu imhakikishie.

Nikamwambia, "Mjomba, hebu tuhesabu kwanza bila kompyuta." Ukumbi wake ukijaa kabisa unabeba watu 60. Sitini mara ishirini ni 1,200. Ukigawanya 90,000 kwa 1,200 unapata usiku 75 wa kujaa pomoni, na hapo hajalipa umeme, petroli, kijana wa mlangoni, wala riba. Ile ada ya shilingi 500 ya programu ni watu 25 kila mwezi wanaoingia kwa ajili ya kumlipa mwenzangu. Mwenzangu anaona 500 ni pesa ya soda. Anaishi Nairobi, simlaumu.

Tuseme basi programu ni sahihi mia kwa mia. Inamwambia mjomba kwamba filamu itaingiza dola milioni 300 Marekani siku tatu za kwanza. Afanye nini na habari hiyo? Siku tatu hizo filamu haiko Garsen. Itafika baadaye, kwenye flashi au kadi ya simu, na hata ikifika kwa Kiingereza kitupu watu wataingia wachache, watanong'onezana "anasema nini huyo?", na nusu watatoka kabla ya mapumziko ya kubadilisha petroli. Filamu huanza kuuza hapa siku inapopatikana ikiwa na sauti ya msimuliaji. Kenya tunaye DJ Afro, ambaye watu hununua sauti yake kabla ya kuuliza filamu ni ipi. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Uganda wana mavijei wao kama VJ Jingo. Mimi nimeona filamu ya zamani ya kikomandoo isiyo na jina lolote, ila imesimuliwa, ikijaza ukumbi ambao wiki iliyotangulia shujaa wa mamilioni alikaa na watoto wanane. Kwenye programu ya mwenzangu hakuna hata safu moja ya msimuliaji. Nilipomuuliza alicheka, akadhani ni mzaha.

Halafu kuna kalenda. Modeli zote hizi zina mwezi wa kutoka kama kigezo, kwa sababu Marekani majira ya joto na Krismasi huleta watu. Sisi kalenda yetu kubwa inatembea. Avengers: Endgame ilitoka mwishoni mwa Aprili 2019, ikakusanya dola bilioni 1.2 duniani katika wikendi yake ya kwanza, na siku kumi na kitu baadaye Ramadhani ikaingia. Jioni za Ramadhani watu wengi hapa wako kwenye futari na tarawehe, ukumbi unakaa giza. Iddi ikifika mambo yanageuka: vijana wana nguo mpya na vishilingi mfukoni, na ukumbi hautoshi. Wahindi walilijua hili siku nyingi, ndiyo maana filamu za Salman Khan kama Bajrangi Bhaijaan (2015) na Sultan (2016) zilitolewa wakati wa Iddi. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo programu inayojua "Mei" na "Juni" tu haitaiona kamwe, hata ukiilisha data ya miaka kumi. Itaona kelele tu kwenye takwimu na kuitupa.

Na kuna mto. Msomaji wa Nairobi atadhani natia chumvi. The Marvels ilitoka tarehe 10 Novemba 2023. Mwezi huo huo mvua za El Niño ziliufurisha Tana, barabara ya Garsen kwenda Lamu ikafunikwa na maji pale Gamba, vijiji vikahama, watu wakalala kambini kwenye mahema. Wachambuzi wa Marekani waliandika kurasa nyingi kueleza kwa nini filamu ile ilianguka asilimia 78 wikendi ya pili: mashujaa wamechosha, mtu anatakiwa awe ametazama mifululizo ya televisheni ndipo aelewe, mgomo wa waigizaji ulizuia matangazo. Yote yanaweza kuwa kweli. Hapa petroli ya jenereta ilikuwa haifiki. Mjomba aliponisikiliza kuhusu vigezo vya programu aliniuliza swali moja tu, "Injinia, hiyo mashine inajua maji yatapanda lini?" Sikuwa na jibu, na mwenzangu hana.

Mpira nao sitaueleza sana. Kila mtu anajua. Jumamosi Arsenal ikicheza, hakuna shujaa mwenye kofia ya chuma anayeshindana nayo.

Kuna jambo zito kidogo ambalo mwenzangu analikwepa, na mimi sitalikwepa. Filamu hizi mjomba hana haki nazo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, inataka filamu inayoonyeshwa kwa umma iwe imepita Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB) na anayeionyesha awe na leseni, na juu ya hapo kuna haki za mwenye kazi yake. Mjomba si mwizi kwa tabia. Kila mwaka analipa kibali cha biashara cha kaunti bila kusukumwa. Lakini sijawahi kumwona mtu hata mmoja akifika Garsen kumuuzia ruhusa ya filamu kwa bei ambayo ukumbi wa shilingi 20 unaweza kuibeba. Wasambazaji hawaji kwa sababu hawaioni Garsen kwenye hesabu zao, na Garsen haionekani kwenye hesabu kwa sababu wasambazaji hawaji. Wanaoumia hapo si Disney peke yao, Disney watakula leo na kesho. Wanaoumia ni watengenezaji filamu wa Kenya ambao wangeweza kupata shilingi tano tano kutoka kumbi za namna hii nchi nzima, na hawajui hata kumbi ziko ngapi. Sasa sisi tunataka kujenga juu ya shimo hilo mashine ya kutabiri, tuwauzie kina mjomba, tuwape ujasiri wa kukopa. Filamu ikianguka, programu itaomba radhi kwa toleo jipya. Mjomba ataombwa spika.

Nilichompa mimi ni kitu cha aibu kwa mtu mwenye digrii: jedwali kwenye simu lenye safu saba. Tarehe. Filamu. Imesimuliwa au la. Watu waliolipa. Kulikuwa na mpira? Stima ilikaa? Njia na mto vikoje? Kijana wa mlangoni ndiye anayejaza, kwa kuhesabu vipande vya karatasi anavyokusanya, dakika mbili kila usiku. Haina akili bandia ndani, haina hata grafu. Mwenzangu aliita "daftari la duka". Ndiyo, ni daftari la duka, na ndicho kitu Marekani walichokuwa nacho miaka mingi kabla mtu hajafikiria kuhesabu Twitter. Msimu mmoja mzima ukipita, mvua na ukame, Ramadhani na Iddi, ndipo nitakapoona kama kuna cha kutabiri. Na kama kumbi kumi za Tana Delta zitakuwa na daftari kama hilo, mtengenezaji filamu wa Nairobi anaweza kuja na bei, na mjomba anaweza kuonyesha vitu halali bila kuchungulia mlangoni kila gari la serikali linapopita. Hiyo ndiyo biashara ambayo ningekubali kuwa wakala wake.

Kuhusu mkopo, nimemshauri aache. Jenereta inayofaa ni lazima, na ataipata kwa chama bila riba ya kumkaba. Projekta ya kungojea filamu moja, hapana. Bado anafikiria. Ni pesa zake na ukumbi wake.

Na kwa kuwa mwenzangu amenipa changamoto kwamba naponda utabiri bila kutabiri chochote, haya, huu hapa wangu. Mwaka 2025 Disney waliisogeza Avengers: Doomsday kutoka Mei 2026 hadi tarehe 18 Desemba 2026. Robert Downey Jr., ambaye vijana wote hapa wanamjua kama Iron Man, wanasema anarudi safari hii akiwa adui, Doctor Doom. Marekani siitabirii, wana watu wao. Kwa Garsen nasema hivi: wiki ya tarehe 18 Desemba haitabadilisha kitu ukumbini, Krismasi itachukuliwa na mpira na watu waliorudi nyumbani kutembea. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa hiyo yeyote atakayeonyesha filamu hiyo kwa Kiingereza mwezi Januari atapata nusu ukumbi siku mbili, basi. Ikiwa itakuwa imesimuliwa kufikia Iddi, mwezi wa Machi, na mvua za masika hazijaanza kuukata mji, ukumbi wa watu 60 utajaa mara tatu kwa siku, siku mbili mfululizo, na siku ya tatu itashuka chini ya nusu. Watakaotoka watabishana kwa juma zima kama steringi anaweza kweli kugeuka adui. Nimeyaandika haya kwenye safu ya nane ya jedwali la mjomba, na tarehe yake.